Bibi Nesi Anajibu: Ulaya wamechanja, mbona wodi zimejaa tena?

Niliahidi kwamba Desemba hii ya 2021 tungezungumzia miguu kuvimba kwa wajawazito. Mnisamehe, miguu itasubiri Januari. (Isipokuwa kama imevimba pamoja na uso, na kichwa kinauma: wewe usisubiri gazeti, nenda kliniki leo.) Nimelazimika kubadili kwa sababu bahasha za mwezi huu, na jumbe ambazo mhariri ananichapia kwenye karatasi kwa kuwa simu yangu ni ya tochi, karibu zote zinauliza habari za corona ya Ulaya. Nimechagua sita.

*Shikamoo Bibi Nesi. Mimi ni kijana wa miaka 29, nalima parachichi huku Busokelo. Kila jioni nasikiliza redio. Wanasema corona imerudi Ulaya kwa kasi, Austria wamefungiwa ndani, Ujerumani hospitali zimeelemewa. Hao ndio waliotangulia kuchanja, wana hela na wana madaktari. Kama chanjo haikuwasaidia wao, mimi nichanje ya nini? Tena wakala anayenunua parachichi zetu aina ya Hass anatutisha kwamba soko la huko litafungwa. Mkulima, Rungwe.*

Marahaba mwanangu. Redio haijakudanganya. Tarehe 4 Novemba mkuu wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Ulaya, Hans Kluge, alisema kanda yake yenye nchi 53 imekuwa tena kitovu cha ugonjwa, na mwendo ukibaki ule ule watu wengine nusu milioni wanaweza kufa kabla ya tarehe 1 Februari. Katika tangazo hilo hilo alisema kama asilimia 95 ya watu wangevaa barakoa, hadi watu 188,000 kati ya hao wangeokolewa. Sehemu hii ya pili wengi hawakuisikia. Habari ya kifo huwa na sauti kubwa kuliko habari ya kitambaa.

Sasa kwa nini imerudi? Panda basi la Makete mwezi wa sita. Ukifungua dirisha kidogo tu, basi zima litakupigia kelele: funga, baridi! Mnasafiri vioo vimefungwa, vina ukungu kwa ndani, na ule ukungu ni pumzi zenu wenyewe. Ulaya kuanzia Oktoba wote wamo ndani ya basi la Makete: ofisini, darasani, baa, kanisani. Na kirusi kilichoingia humo mwaka huu ni Delta, kinachoambukiza haraka kuliko kile cha mwanzo. Ongeza na hili, kwamba wakati wa joto lao walilegeza karibu kila kitu, na wazee waliochanjwa Januari na Februari kinga yao ya kuzuia maambukizi ilikwisha kupungua. Ndiyo maana sasa wanawaita tena kwa dozi ya nyongeza.

Lakini "Ulaya wamechanja" ni sentensi ya mtu anayeitazama Ulaya kwa mbali, kama Mzungu anayesema "Afrika kuna joto" hajawahi kulala Kitulo. Bulgaria, hadi mwezi uliopita, waliokamilisha chanjo walikuwa karibu robo tu ya watu wote, ingawa dozi walikuwa nazo. Novemba nchi hiyo ilikuwa miongoni mwa zile zilizozika watu wengi zaidi duniani ukilinganisha na idadi ya watu wake. Ureno waliokamilisha walizidi asilimia 85. Kazi hiyo walimkabidhi ofisa wa jeshi la majini, Gouveia e Melo, aliyewahi kuongoza nyambizi, na alikuwa anakuja kazini na gwanda lake la kivita. Ureno nako maambukizi yalipanda mwezi huo huo, lakini vifo vilibaki vichache. Austria wako katikati, theluthi mbili hivi. Tarehe 15 Novemba waliwafungia ambao hawajachanja peke yao, haikutosha, na tarehe 22 wakawafungia wote. Ukiweka nchi hizo tatu mezani, jibu la swali lako umeshalipata nusu.

Nusu iliyobaki ni ile ambayo vijana wenzako wananiletea kila siku wakidhani wamenibana: "Bibi, mbona hospitalini huko kuna waliochanja pia?" Wapo. Sikia hesabu, ni yangu mwenyewe, siyo ya Austria. Kuna msiba Tukuyu na mvua ya Tukuyu unaijua. Waombolezaji 1,000. Waliokuja na miavuli ni 900, wasio nayo 100. Mvua inapiga na upepo juu. Wa miavuli 60 wanalowa chapachapa, kwa kuwa mwingine mwavuli umegeuka nje ndani na mwingine ulikuwa na kijiti kimevunjika tangu mwaka juzi. Wasio na miavuli, nao 60 wanalowa. Waliobaki walijibanza kwenye migomba. Wewe umesimama mlangoni unagawa taulo. Unahesabu waliolowa 120, na nusu yao wameshika miavuli. Unarudi nyumbani unasema mwavuli hausaidii kitu. Kumbe wasio nao walilowa 60 katika 100, na wenye nao hawafiki hata 7 katika kila 100. Kadiri wenye miavuli wanavyoongezeka msibani, ndivyo utakavyowaona wengi zaidi kwenye foleni ya taulo. Rudia kusoma taratibu. Hata mimi ilinichukua jioni nzima na punje za maharage mezani.

Kuhusu wakala: hata Austria walipofungia watu wote, maduka ya vyakula yalibaki wazi. Waliofunga ni hoteli na migahawa, kwa hiyo oda inaweza kupungua, sikatai. Ila anayekwambia parachichi haliuzwi kabisa kwa sababu ya corona, halafu hapo hapo anataka kulibeba kwa nusu bei, huyo hazungumzi mambo ya afya.

*Bibi Nesi, heshima yako. Mwaka jana tulijifukiza hapa Kihesa nyumba nzima, mkaratusi, mchaichai, malimau na tangawizi, na corona ikatuacha. Wazungu wana mashine za mamilioni na wanakufa. Kwa nini wasifundishwe nyungu? Fundi seremala, Iringa.*

Fundi, nimecheka, halafu nikanyamaza. Nitakujibu kwa habari zangu mwenyewe.

Na mimi nilijifukiza. Muuguzi mwenye miaka 34 ya wodini, nimeketi kwenye kigoda, blanketi la Raymond kichwani, sufuria katikati ya magoti. Siku ya tatu mjukuu alipita akakanyaga pembe ya blanketi, sufuria ikapinduka. Paja la kulia hadi leo lina alama kama ramani ya Ziwa Nyasa. Nilijipaka dawa ya kuungua mwenyewe kwa sababu niliona aibu kwenda kwa wanafunzi wangu wa zamani.

Mvuke unafungua pua. Mtu mwenye mafua akijifukiza anapata nafuu ya pua, hilo ni kweli na bibi zetu hawakuwa wajinga. Lakini kirusi hiki hakikai kwenye ukuta wa pua kama masizi kikingoja kusafishwa. Kinaingia ndani ya chembe hai, huko ndiko kinakozaliana, na kikishuka kwenye mapafu mvuke wa kukifuata huko ungekuunguza wewe kabla yake. Wengi walipona baada ya nyungu kwa sababu wengi wa wanaougua corona hupona kwa vyovyote. Wangepona hata wangekunywa togwa.

Kaka yangu alikuwa akijifukiza mara tatu kwa siku. Februari mwaka huu mkewe alinipigia: "Wifi, njoo, anachoka." Nilimkuta amekaa sebuleni Kiwira, anaongea vizuri kabisa, ananiuliza bei ya mkaa mjini. Nilikuwa na kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni, nilichopewa na binamu. Nikambana kidole cha shahada. Kifaa kikaandika 71. Nikadhani betri. Nikakibana kidoleni kwangu: 95. Nikarudisha kwake: 70. Mtu mzima mwenye afya huku kwetu milimani husoma 93, 95, 97. Kucha zake zilikuwa na rangi ya zambarau na vidole baridi kama chuma cha asubuhi, na bado ananiuliza bei ya mkaa. Ugonjwa huu ndivyo ulivyo. Mapafu yanazama na mwenyewe hana habari.

Tulimfikisha hospitali moja, sitaitaja. Mtungi wa oksijeni ulikuwepo, umesimama ukutani, umejaa. Spana ya kuufungulia ilikuwa imefungiwa kabatini, na mwenye ufunguo wa kabati alikuwa ameenda kuzika. Spana ilipatikana baada ya saa moja na dakika kumi. Sisemi kwamba saa ile ndiyo iliyomuua. Alikuwa amechelewa tangu nyumbani, siku nne chini ya blanketi kila mtu akiamini anatibiwa. Alifariki siku ya pili yake alfajiri. Kwenye karatasi waliandika nimonia kali. Siku zile ndivyo tulivyosema wote, "nimonia", "changamoto ya kupumua", na mimi nilikaa msibani nikaitikia hivyo hivyo.

Kwa hiyo fundi, endelea na mchaichai wako, unaburudisha. Ila asiweko mtu nyumbani kwako atakayekaa siku nne chini ya blanketi akiwa na homa na kuchoka. Akipanda ngazi tatu akahema, au akishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, ondoka naye. Na hospitali uliyo karibu nayo, siku wewe ni mzima, pita uulize spana inakaa wapi.

*Kamwene dada. Binti yangu wa miaka 22 yuko Ujerumani, jimbo la Bavaria, kwa mwaka wa kujitolea kupitia kanisa. Anahudumia wazee. Anasema masoko ya Krismasi yamefutwa, basi hapandi bila cheti cha corona, na wagonjwa wanabebwa kwa ndege za jeshi. Baba yake anataka arudi kabla ya sikukuu. Wewe ungefanyaje? Mama, Mafinga.*

Kamwene dada yangu. Yote aliyokueleza ni kweli, mtoto hakuongeza chumvi. Tarehe 25 Novemba waliokufa kwa corona Ujerumani walivuka 100,000. Kesho yake ndege ya jeshi la anga, ambayo ndani yake imegeuzwa wodi ya mahututi, ilibeba wagonjwa kutoka Memmingen huko huko Bavaria kuwapeleka kaskazini ambako vitanda vilikuwepo. Siku chache kabla, waziri wao wa afya wakati huo, Jens Spahn, alisema majira haya ya baridi yakiisha karibu kila mtu Ujerumani atakuwa amechanjwa, amepona, au amekufa. Wengine walimlaumu kwa ukali wa maneno. Mimi nilimwelewa. Ukifanya kazi wodini ukaona kitanda hakipoi, maneno laini yanakauka mdomoni.

Lakini tazama huyo binti mwenyewe. Ana miaka 22. Anahudumia wazee, na kwa kazi hiyo huko ni lazima aonyeshe kwamba amechanja, amepona, au kipimo chake ni safi. Muulize swali moja tu: umechanja lini, dozi ngapi? Huko Ujerumani tangu Novemba wamewashauri watu wazima wote wapate nyongeza, miezi sita baada ya dozi ya pili. Akisema amechanja, dada, mwanao yuko salama kuliko wewe na baba yake hapo Mafinga. Ndiyo, nimesema. Ndani ya nyumba yenu anayeniumiza kichwa siyo yeye.

Nauli ya kumrudisha nusu ya mwaka ni kubwa, ndege zinapangiwa masharti mapya kila wiki, na atakaa viwanja viwili vitatu vya ndege katikati ya umati. Wazee anaowahudumia nao ni baba na mama za watu, na msimu huu ndio wanaomhitaji. Mimi ningemwacha. Ningemtumia picha ya mahindi yameota, maana kule giza linaingia saa kumi jioni na upweke nao ni ugonjwa. Na ningempigia kila Jumapili, siyo kumuuliza corona, bali kumuuliza amekula nini.

Baba yake mwambie kwamba Bibi Nesi amemwamkia, na ameuliza kama naye amechanja.

*Mama, niko Tunduma, ni utingo wa lori. Tunasikia kirusi kipya kimetoka Afrika Kusini na Uingereza imewafungia Wazambia na Wamalawi. Sisi tunavuka kila wiki. Tumekwisha?*

Hamjakwisha. Kirusi hicho kimepewa jina la Omicron tarehe 26 Novemba. Wanasayansi wa Afrika Kusini ndio waliokitolea taarifa siku mbili kabla, na shukrani waliyopata ni kufungiwa anga. Uingereza walianza na nchi sita za kusini, kisha wakaongeza Zambia, Malawi, Msumbiji na Angola. Siku hizo hizo Uholanzi wakarudia kupima sampuli zao na kukikuta ndani ya sampuli ya tarehe 19 Novemba, yaani kilikuwa Ulaya kabla mtu yeyote hajatangaza lolote. Utingo wa lori kama wewe hushangai. Mzigo ukishavuka, kufunga geti ni kwa ajili ya picha.

Nyie hatari yenu siyo Mzambia. Hatari ni kulala watatu kwenye kabini vioo vimefungwa, foleni siku tatu, sigara inazungushwa. Lala na kioo kimoja wazi hata vidole viwili, jifunike blanketi zaidi. Barakoa vaa ofisini kwa maofisa na kwenye kibanda cha chips, siyo kidevuni. Na Tunduma chanjo ipo. Lori likiwa kwenye foleni wewe una siku nzima.

*Habari Bibi. Nina miaka 24, nimeolewa Juni. Mama mkwe anasema chanjo inafunga kizazi. Rafiki yangu anasema chanjo ya Janssen inagandisha damu. Niamini nani? Mwanjelwa.*

Mkwe wako mheshimu kwa yote, hili moja mwachie mwenyewe. Kwenye majaribio yenyewe ya chanjo hizi wanawake waliombwa wasishike mimba, na bado wengine walishika, waliochanjwa na waliopewa sindano isiyo na chanjo ili walinganishwe nao, bila kupishana. Maneno haya ya kufunga kizazi nimeyasikia nikiwa kijana kuhusu chanjo ya pepopunda, na waliochanjwa siku zile wamenijaza wajukuu kliniki. Kinachotisha kwa mwanamke mwenye mimba ni corona yenyewe. Akiipata, uwezekano wa kuhitaji oksijeni na wa kuzaa kabla ya wakati unapanda.

Rafiki yako hakudanganya, ila amekupa habari bila kipimo. Aprili mwaka huu Marekani walisimamisha Janssen kwa siku kadhaa baada ya kuona wanawake sita walioganda damu mahali pasipo pa kawaida, kati ya dozi zaidi ya milioni 6.8. Wakachunguza, wakaendelea wakiwa wameongeza onyo. Onyo lenyewe ni hili, likate ulibandike kabatini: ndani ya wiki tatu baada ya kuchanja, kichwa kikiuma vibaya bila kutulia, tumbo likikaza, mguu mmoja ukivimba au pumzi zikibana, nenda hospitali na useme "nilichanja Janssen tarehe fulani". Homa ya usiku mmoja na mkono kuuma siyo hiyo. Mimi nilichanja Agosti, wiki chache baada ya Rais Samia kuchanja mbele ya kamera tarehe 28 Julai. Usiku nilitetemeka kama nina malaria, asubuhi nikaamka nikapalilia maua.

Ukitaka kuepuka hata hilo, siku hizi zimekuja aina nyingine pia, Sinopharm na Pfizer, ambazo ni dozi mbili. Waulize kituoni wanayo ipi.

*Mwanangu Nesi, salaam. Mimi ni mzee wa miaka 81, niko Ukinga, kijiji sikitaji. Nilisikia tangazo la chanjo, nikakubali. Nilishuka kwa miguu mwendo wa saa mbili mpaka zahanati. Kijana wa pale akanirudisha. Akasema niko peke yangu, hafungui chupa kwa mtu mmoja. Nikaenda tena wiki iliyofuata, tulikuwa wawili, akaturudisha wote. Hivi ni sheria au ni dharau? Kama ni dharau sirudi.*

Shikamoo baba. Barua yako niliisoma mara mbili, na niliona haya kwa niaba ya wenzangu.

Nikueleze kwanza kilicho ndani ya ile chupa. Janssen inakuja kwenye kichupa kidogo, kirefu kama kidole gumba, na ndani yake mna dozi tano. Kikishatobolewa mara ya kwanza kwa sindano, saa zinaanza kuhesabiwa, na hata kikirudishwa kwenye ubaridi baada ya saa sita kinamwagwa. Kwa hiyo akikichoma kwa ajili yako peke yako na asije mwingine, dozi nne zinakwenda shimoni. Yule kijana anajua kwamba mwisho wa mwezi ataulizwa zile nne zimekwenda wapi. Kina mama wanaobeba watoto wanaufahamu mchezo huu tangu zamani. Chanjo ya surua na rubela chupa moja ni ya watoto kumi, ndiyo maana wanaambiwa njoo Jumanne, siku wenzio watakapokuja.

Hiyo ndiyo sababu, lakini sababu siyo ruhusa. Mzee wa miaka 81 aliyeshuka mlima saa mbili kwa miguu ndiye mtu ambaye chanjo hii ilitengenezwa kwa ajili yake kabla ya mwingine yeyote. Uingereza walipoanza, tarehe 8 Desemba mwaka jana, wa kwanza kuchanjwa alikuwa bibi wa miaka 90, Margaret Keenan, hospitalini Coventry, ameketi kwenye kiti na fulana ya Krismasi. Hawakumwambia arudi wiki ijayo. Mimi ningekuwa pale zahanati ningekuketisha, ningekupa uji, ningemtuma mtu kilabuni na mwingine kwenye mashine ya kusaga, na wangekosekanaje wanne? Na wangekosekana kweli, ningekichoma hivyo hivyo na kuandika kwenye kitabu: nne zimemwagwa, mzee mmoja amechanjwa. Mkaguzi anayeona hiyo ni hasara aje tuzungumze.

Kuna mtu ninayemtaja sana moyoni ninapofikiria wanaorudishwa na wanaorudi wenyewe. Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia. Oktoba 1977 aliugua ndui, na ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho duniani kuupata ugonjwa huo kwa njia ya kawaida ya kuambukizwa. Alikuwa akifanya kazi hospitalini, chanjo iko hatua chache kutoka jikoni kwake, na aliikwepa kwa kuogopa sindano. Alipona. Miaka mingi baadaye alizunguka vijijini akiwahimiza wazazi wawachanje watoto polio, na alikuwa anawasimulia habari yake bila kujificha. Wewe, baba, una alama ya chanjo ya ndui begani, nina hakika. Wa rika lako wengi wanayo. Ile nayo ililetwa na kijana aliyepanda mlima na kisanduku.

Sasa fanya hivi. Usishuke tena peke yako. Nimemwomba mhariri anipe nambari uliyoandikia, na nimempigia mganga mfawidhi wa zahanati hiyo. Jina lake halihitajiki hapa, alikuwa na adabu na alisikiliza. Amesema Alhamisi ya wiki inayokuja, kuanzia saa tatu asubuhi, atafungua kichupa. Pamoja na mwenzako wa siku ile, mko wawili. Mkeo uliyemtaja kwenye barua ni wa tatu, kama miguu yake inaruhusu. Kama hairuhusu niandikie, hilo nalo litatafutiwa njia. Nimemuuliza yule mganga kama yeye mwenyewe ameshachanja. Akakaa kimya kidogo, halafu akasema, "Bado, mama." Basi huyo ni wa nne.

Wa tano mtafuteni nyie. Nasikia padri wenu ana pikipiki.